Safari ya Wastaafu Wawili: Siku Nne Katika Korbesa

Msafiri aondokaye Isiolo kwa njia kuu ya kaskazini siku hizi hana taabu kubwa. Njia yote hadi Moyale, yapata kilomita 500, ilitiwa lami katika miaka ya 2010, na mwendo ambao zamani uliwachukua watu siku kadha wa kadha, wakisafiri kwa misafara yenye askari wa kuwalinda, sasa humalizika kwa mchana mmoja. Kwa sababu hiyo njia hiyo imepata wasafiri wa namna mpya. Hao ni wazee wastaafu, mume na mke, wengi wao watu wa Ulaya, ambao wamefunga nyumba zao na sasa huishi ndani ya gari lenye kitanda, jiko na pipa la maji. Hawana haraka. Wakiupenda mti, hutua chini yake. Wakichoshwa na upepo, hung'oka wakaenda zao.

Aliyejulikana kupita wote katika safari za namna hii alikuwa Mjerumani Gunther Holtorf. Aliacha kazi katika makampuni ya ndege, akaanza kusafiri barani Afrika mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa muda wa miaka mingi mwenzi wake safarini alikuwa Christine, hata alipofariki mwaka 2010. Gari lao la Mercedes, waliloliita Otto, lilikwenda karibu kilomita 900,000 kabla ya safari kukoma mwaka 2014, na wenyewe walilala humo humo ndani. Sasa gari hilo limewekwa katika makumbusho mjini Stuttgart.

Walakini wastaafu wa habari hii hawakutoka ng'ambo. Ni wenyeji wa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya. Mume alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mkewe muuguzi. Walipoacha kazi waliwagawia watoto sehemu ya shamba, wakanunua lori dogo la zamani lililokuwa likichukua mikate, wakampa fundi seremala alitengeneze. Fundi alitia kitanda cha kukunjwa, rafu mbili, mahali pa jiko la gesi, na juu ya paa akafunga tangi la lita 120. Majirani waliliita gari lile Konokono. Watoto wao walicheka, kisha wakanyamaza walipoona kwamba wazee hawafanyi mzaha.

Sababu ya safari ilikuwa ndogo, na pengine ndiyo maana ilidumu moyoni mwa mwalimu miaka mingi. Mto Naro Moru hupita chini ya shamba lake. Kwa muda wote wa kazi yake aliandika ubaoni kwamba mto huo huingia katika Ewaso Ng'iro, na kwamba Ewaso Ng'iro hushuka kupitia Laikipia na Samburu, hukata nchi ya Waborana, na kuishia katika kinamasi cha Lorian. Watoto waliyanakili hayo wakafanyia mitihani. Yeye mwenyewe hakupata kuvuka Isiolo. Basi wakakata shauri, yeye na mama, kuyafuata maji hadi mwisho wake.

Walifunga safari mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi. Isiolo walijaza mafuta ya kutosha kwenda na kurudi, wakanunua gurudumu la pili la akiba, jambo ambalo kila atakaye kuiacha lami hana budi kulifanya. Isiolo yenyewe ni mji wa kusimama. Katika siku za serikali ya kikoloni palikuwa na kizuizi hapo, kwa maana nchi yote ya kaskazini ilikuwa wilaya iliyofungwa, wala mtu hakupita bila cheti cha ruhusa. Na baada ya uhuru sheria za hali ya hatari ziliendelea katika nchi hiyo hadi mwaka 1991. Vijana wanaopita leo na pikipiki zao, abiria watatu nyuma, huenda hawajui kwamba babu zao walihitaji karatasi ili waende kumwona shemeji.

Njia ya Merti ni ya changarawe na mchanga. Wazee walivuka mto katika daraja la Gotu, wakapita Biliqo na Bulesa, gari likilia kwa vyombo vya jikoni. Upande wa kaskazini waliona ule mlima mrefu uliokatwa kama meza, nao ni uwanda wa Merti, ulioezekwa juu kwa mawe meusi ya moto wa zamani. Upande wa pili miti ilionyesha mahali ulipo mto: mikoma, migunga mikubwa, na misituni mwa chini miswaki. Katika nchi kama hii macho hayautafuti mto wenyewe. Huutafuta mstari wa majani mabichi.

Walifika Korbesa saa kumi na moja ya jioni. Korbesa ni kijiji cha Waborana katika wilaya ndogo ya Merti. Kuna nyumba za mabati, nyingine za miti na mikeka, msikiti, shule, maduka machache yenye chai, sukari, unga na betri za tochi, na maboma ya mifugo yaliyozungushiwa miiba. Ni mahali ambapo gari geni hujulikana kabla ya kuzimwa mtambo. Mama alishauri waende kwanza kwa chifu. Mwalimu alisema jua linatua, chifu atawaona asubuhi, na akaliongoza gari moja kwa moja hadi kando ya mto, ambako aliona kivuli kizuri, mahali tambarare, pamefagiliwa kama uwanja wa shule. Ndipo walipotua.

Mto wenyewe ulikuwa mchanga. Mwalimu alisimama ukingoni akautazama kwa muda mrefu. Ulikuwa mpana kuliko mto wowote wa kwao, mweupe, na katikati palikuwa na mashimo yaliyozungushiwa matawi ya miiba. Alidhani amekosea mahali. Alirudi garini akachukua ramani, kisha akairudisha bila kuifungua.

Asubuhi, kabla chai haijachemka, alikuja mzee mmoja mwenye kofia nyeupe na fimbo, akasimama mbali kidogo na gari, kama ilivyo adabu, akangoja aonekane.

"Mmelala salama, mwalimu?" akauliza. Habari za ualimu zilikuwa zimekwisha kumfikia.

"Salama, mzee. Karibu."

"Nimekaribia. Gari lenu ni zuri. Lakini limelala mlangoni."

"Mlangoni pa nani?"

"Pa ng'ombe."

Akaeleza kwamba mahali pale ndipo malka, yaani njia ya mifugo kushukia majini. Hapakufagiliwa na mtu. Palifagiliwa na kwato. Saa nne ng'ombe wangekuja, wakiwa na kiu ya siku mbili, nao wakiona kitu kigeni mlangoni hurudi nyuma na kutawanyika, na wachungaji ni watoto. Mzee hakupandisha sauti. Alionyesha mgunga mwingine umbali wa hatua mia tatu, akasema kivuli chake si kibaya. Mama hakusema neno, bali alianza kukunja viti, na mumewe alielewa.

Baada ya kulihamisha gari walikwenda kwa chifu, kisha kwa wazee, nao wakakaribishwa vema. Yafaa kueleza hapa kwamba katika nchi ya Waborana malisho hayana ua, lakini si kwamba hayana mwenyewe. Eneo la malisho huitwa dedha, na lina wazee wake. Hao huamua malisho yapi ni ya wakati wa mvua, yapi ya kiangazi, na yapi yafungwe kabisa, yawekwe kwa ajili ya mwaka wa taabu. Kisima nacho kina msimamizi, aba herega, anayepanga zamu, nani anywesheje na siku gani. Mtu akija na mifugo kutoka mbali hutuma kwanza mjumbe kuomba. Maji ya kunywa mwanadamu hayanyimwi mtu yeyote, ajapokuwa mgeni asiyejulikana. Lakini maji ya mifugo huenda kwa zamu. Wasafiri wengi wa magari, wazungu kwa weusi, huona nchi tupu wakadhani ni nchi huru. Kama wangeuliza neno moja tu kabla ya kuzima gari, wangepata kivuli kilicho bora na maziwa juu yake.

Tangi la Konokono lilikuwa limebaki na maji ya kiasi cha debe moja. Mwalimu alikuwa amehesabu kujaza hapo. Walipokwenda kwenye kisima cha mashine walikuta madumu ya njano yamepangwa kwa mstari mrefu, kila dumu likimngoja mwenyewe, na hapana aliyesukuma la mwenziwe. Kijana msimamizi aliuliza wanataka kiasi gani. Mwalimu akasema lita mia. Yule kijana akatazama tangi juu ya gari, akatazama mstari, akauliza kwa heshima, "Mama mko watu wangapi?" Mama akajibu, "Wawili. Tupe madumu mawili." Madumu mawili ni lita 40, nayo yaliwatosha siku mbili, jambo ambalo wasingelisadiki walipokuwa Naro Moru.

Nia yao ilikuwa kulala usiku mmoja, lakini wakakaa siku nne. Siku ya pili mke wa yule mzee alikuja kumtembelea mama, akapanda ndani ya gari, akagusa kila kitu. Alipoona kitanda kinakunjwa na kuwa kiti alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akauliza nyumba hiyo ni ya nani. Mama akasema ni ya mume, jina lake ndilo lililoandikwa katika kitabu cha gari. Yule bibi akashangaa. Akasema kwamba kwa desturi yao nyumba ni ya mwanamke: yeye huijenga, yeye huibomoa siku ya kuhama, hukunja mikeka na ngozi, hufunga ile miti iliyopindwa juu ya ngamia, na jioni huisimamisha tena mahali papya. Mwanamume hulala humo kwa hisani. Tangu siku hiyo mama humkumbusha mumewe habari hii kila anapolalamika juu ya chumvi.

Bibi huyo mwenyewe hana tena nyumba ya kuhama. Anakaa katika nyumba ya mabati karibu na shule, kwa ajili ya wajukuu wanaosoma, na watoto wake wakubwa ndio wanaofuata mifugo.

Jioni ya siku ile wazee waliwakaribisha wageni kwa buni. Watu wa pwani na wa bara huziponda na kuzichemsha. Waborana huzikaanga nzima, pamoja na maganda yake, katika samli moto, wakizibariki kwa dua ya amani, mvua na maziwa. Mgeni hupewa buni na samli mkononi, hutafuna, hujipaka samli kidogo, kisha huletewa maziwa au chai. Baraza likakunjuka. Mwalimu akauliza kama mto ulikuwa hivi tangu zamani.

Wazee wakaanza kuhesabu miaka. Walisema kwamba kukauka si jambo jipya, kwa kuwa mto huu ni wa nchi kame. Ni kweli: Mmarekani William Chanler, aliyeufuata Ewaso Ng'iro pamoja na Mwaustria Ludwig von Höhnel katika safari yake ya 1892 hadi 1894, alitumaini kuona ziwa kubwa huko Lorian, naye akakuta kinamasi tu. Lakini zamani, walisema, maji yalikoma kwa muda mfupi, mvua ikanyesha mlimani, yakarudi. Kuanzia miaka ya 1980 mto umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi hata huko juu karibu na Archer's Post. Halafu wakataja ule ukame wa karibu, ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, ganna na hagaya, wakapoteza ng'ombe wasiohesabika. Na mwisho wa 2023 mafuriko yakaja kwa nguvu, yakachukua mbuzi waliosalia na mashamba ya ukingoni. "Waso sasa ni kama mtu mwenye homa," akasema mmoja wao. "Anatetemeka au anaungua. Hakai kitako."

Mzee wa kofia nyeupe, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, akaleta habari ya kale zaidi. Alikuwa mtoto wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Waborana wa Waso wanauita wakati ule gaafa daaba, siku za kusimamishwa. Watu walikusanywa na serikali katika kambi, Merti, Garba Tula na kwingineko, wakakatazwa kuhama na mifugo. Ng'ombe na ngamia waliofungiwa mahali pamoja walimaliza majani, wakafa. Wengine walipigwa risasi au wakachukuliwa. Jamaa zilizokuwa na mali nyingi zikatoka humo na fimbo tu. Ndipo mashamba ya kumwagilia maji yalipoanzishwa Merti, Malka Daka na Garfarsa, ili waliofilisika wapate chakula, na ndipo baba yake mzee huyu, ambaye hakupata kushika jembe, alipojifunza kupanda mahindi kando ya mto uleule.

"Nyinyi mmestaafu, mnasimama mnapopenda," akasema, wala hakusema kwa uchungu. "Ni jambo jema. Sisi tulisimamishwa mara moja, tukajua kusimama ni kitu gani." Kisha akauliza, kama mwenye kubadili maneno, "Mwalimu, kwenu hasa ni wapi?"

"Naro Moru."

Palikuwa kimya kidogo. Mzee akawageukia wenzake, akasema nao kwa Kiborana, na neno Waso likasikika mara mbili.

"Kumbe mnatoka unakozaliwa," akasema. "Na huko yapo?"

Mwalimu alikuwa mtu wa kweli, na darasani alikuwa mkali kwa waongo. Akajibu kwamba yapo. Akaeleza jinsi maji yanavyotolewa mtoni kwa mabomba, vijiji kwa vijiji, na jinsi mashamba makubwa ya maua na mboga yanavyotumia mengi zaidi. Akasema kwamba tangu sheria ya maji ya mwaka 2002 vipo vyama vya watumiaji wa mto, vyenye kamati, na wakati wa kiangazi kamati hupanga zamu, huyu Jumatatu, yule Alhamisi.

"Kama aba herega," akasema mzee.

"Ndivyo. Ila," akasema mwalimu, na mama akamtazama, "wako watu wanaofungua usiku, siku isiyo yao."

"Wewe unawajua?"

"Mmoja namjua sana. Ana nusu eka ya kabichi na nusu eka ya viazi. Mwaka ule wa 2022 alifungua usiku mara nyingi. Ndiye mimi."

Hapana aliyecheka, wala hapana aliyemlaumu. Mzee mmoja alimwongezea maziwa. Mzee wa kofia nyeupe akauliza kabichi huuzwa wapi. Alipoambiwa kwamba nyingine huletwa mpaka Isiolo, akasema basi huenda amekwisha kuila, na hapo watu wakapata nafuu ya kucheka. Lakini usiku ule mwalimu hakulala upesi. Alitoka akaketi kwenye ngazi ya gari hata saa nane, na mbwamwitu walisikika ng'ambo ya mchanga.

Siku ya tatu alipelekwa kuyaona mashimo ya mtoni. Maji yalikuwa chini kiasi cha urefu wa mtu, safi, yakija polepole. Kijana alishuka akateka kwa kopo, akampa aliye juu, naye akamimina katika birika la udongo wa mfinyanzi na saruji walipokuwa wakinywa mbuzi. Zilihesabiwa mbuzi sitini, na kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima. Chini zaidi, ndani kabisa ya ardhi, ipo ile hazina ya maji ya Merti, ambayo huenea mashariki hata Dadaab na ndiyo inayonywesha kambi za wakimbizi huko. Kisima cha mashine cha kijiji huchota humo. Walakini visima vya mashine navyo huvuta watu na mifugo mahali pamoja mno, na majani ya karibu huisha. Wazee wa dedha wamebishana na mabwana wa miradi juu ya jambo hilo kwa miaka mingi, na kwa maoni ya wengi wazee ndio waliokuwa na haki.

Kuna pia habari ya bwawa kubwa lililokusudiwa kujengwa huko juu, mahali paitwapo Crocodile Jaws, lipate kuutumikia mji wa Isiolo na mipango yake. Watu wa mto wa chini wanahofu kwamba likijengwa hawatapata hata mafuriko. Tangu mwaka 2013 wamekuwa wakifanya msafara wa kutembea na ngamia kando ya Waso, ili neno lao lisikike. Mzee wa kofia nyeupe alikwenda mara moja. Magoti hayakumruhusu mara ya pili.

Asubuhi ya siku ya tano Konokono akawashwa. Wazee walikuwa wamekusudia kuendelea hadi Lorian, lakini waliambiwa kwamba wakati huu hapana cha kuona huko ila udongo uliopasuka, na mwalimu akasema udongo uliopasuka amekwisha kuuona. Mama aligawa dawa alizokuwa nazo za macho na za majeraha, akamwachia yule bibi kiti kimoja cha kukunjwa. Bibi akampa kibuyu cha kusukwa chenye maziwa yaliyotiwa moshi.

Mzee alikuja na fimbo yake, akasimama mbali kidogo kama siku ya kwanza. Akasema angependa kuuona mto ukiwa mtoto. Mwalimu akachana karatasi katika daftari, akaandika kwa herufi kubwa: gari la Isiolo, kisha la Nanyuki, kisha Naro Moru, shuka sokoni, uliza nyumba ya mwalimu mwenye gari la kulala. Akaandika na namba ya simu. Kisha akamwambia aje siku ya Alhamisi, kwa maana hiyo ndiyo siku yake ya maji.

Mzee akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia ndani ya kofia. Akasema atakuja baada ya ganna, ikinyesha.